Njaa ya Tumbo Lililojaa: Kisa cha Nardoo Kando ya Cooper Creek, 1861

Ushahidi mzito kuliko wote katika kisa hiki umo chooni. Juni 1861, katikati ya Australia, kijana Mwingereza aitwaye William John Wills aliandika katika shajara yake kwamba haja kubwa anayopata ni nyingi ajabu, kana kwamba inazidi hata mkate alioula, na kwamba ukiitazama haikubadilika sana na ilivyokuwa ilipoingia mdomoni. Mwenye haya angeuruka mstari huo. Wills alikuwa mpima ardhi na mtazama nyota, kazi yake ilikuwa kuandika anachokiona, na hakuiacha hata alipokuwa hawezi kusimama. Kwa ajili ya mstari ule na mingine michache, tunaweza kukaa leo na kuuliza swali ambalo wakati ule lilionekana la kipuuzi: watu watatu wanaokula hadi kushiba kila siku wanakufaje njaa?

Chakula chenyewe kiliitwa nardoo. Wenyeji wa pale, Wayandruwandha, walikuwa wakikila tangu enzi za mababu na hawakufa. Kina Wills waliokota nardoo ileile, katika mbuga zilezile, wakaisaga kwa mawe yaleyale ya wenyeji. Wawili wakafa. Wa tatu aliponea chupuchupu, na namna alivyopona ndiyo inayofungua fundo.

Msafara wenyewe nitaupitia haraka, maana umeandikwa sana. Agosti 20, 1860, watu 19 waliondoka Melbourne na farasi, mikokoteni na ngamia zaidi ya 20, wengi wao walioletwa kutoka Bara Hindi, nia ikiwa kuivuka Australia kutoka kusini hadi Ghuba ya Carpentaria kaskazini. Mzigo ulikuwa tani nyingi, ukiwa na meza na viti vyake, na pombe aina ya ramu kwa ajili ya ngamia. Kiongozi alikuwa Robert O'Hara Burke, ofisa wa polisi mzaliwa wa Ireland, mtu jasiri na mwepesi wa hasira, ambaye hakuwa na uzoefu wowote wa pori. Hapo ndipo lawama nyingi hutupwa, na hazitupwi bure.

Novemba walifika Cooper Creek, mto wa msimu unaoacha madimbwi makubwa hata wakati wa ukame. Wakajenga kambi. Desemba 16, Burke alichukua watu watatu, Wills, John King na Charles Gray, akaelekea kaskazini. Wengine waliachwa chini ya William Brahe, wakiambiwa wasubiri miezi mitatu. Brahe alisubiri minne na ushei. Wale wanne walifika karibu na ghuba Februari 1861, wakageuka, na njiani kurudi wakala farasi na ngamia wao. Gray alikufa Aprili 17. Jioni ya Aprili 21 watatu waliobaki wakajikokota kambini na kukuta majivu bado ya moto: Brahe alikuwa ameondoka asubuhi ya siku hiyohiyo. Kwenye mti palichongwa neno la kuwaamuru wachimbe. Wakachimba, wakapata unga, mchele, sukari na nyama kavu kidogo.

Waaustralia wameulilia mti ule kwa vizazi. Mimi naona kwamba kosa la saa chache lile, pamoja na uchungu wake wote, halikuwaua. Baada ya Aprili 21 waliishi zaidi ya miezi miwili, kando ya maji yenye samaki, katikati ya watu waliokuwa wakila vizuri. Kilichowaua kilitokea katika miezi hiyo miwili, na kilitokea jikoni.

Mezani kwa jirani

Burke alikata shauri wafuate mto kuelekea kusini-magharibi, hadi kituo cha mifugo karibu na Mount Hopeless, umbali wa kilometa 240 hivi. Walikuwa na ngamia wawili. Mmoja, Landa, alinasa kwenye tope wakashindwa kumtoa. Wa pili, Rajah, alidhoofu hadi wakampiga risasi. Bila ngamia hawakuweza kubeba maji ya kuvukia jangwa, basi wakafungwa kwenye mto. Brahe kwa upande wake alirudi kambini mwanzoni mwa Mei kutazama, hakuona dalili ya mtu, kwa sababu wale watatu walikuwa wamefukia barua yao shimoni bila kubadili alama ya mtini. Akaondoka tena.

Wayandruwandha ndio waliowalisha. Shajara ya Wills ya Mei inasomeka kama orodha ya karamu ndogondogo: samaki, mikate ya nardoo, panya wanono waliochomwa na ngozi yao, ambao Wills aliwasifu kwa utamu wao bila kuficha, na pituri ya kutafuna, majani yenye nikotini. Kila walipopita karibu na vibanda vya wenyeji waliitwa, wakaketishwa, wakapewa.

Tazama jambo moja katika karamu hizo. Chakula kiliwafikia kikiwa tayari. Mkate ulitoka kwenye majivu ukaingia mkononi mwa mgeni. Mgeni akala, akashukuru, akaondoka. Kazi ya kuokota, kuoka, kusaga na kukanda ilikuwa ya wanawake, ikafanyika pembeni, na sioni mahali katika shajara ambapo mmoja wa wale watatu aliketi kuitazama tangu mwanzo hadi mwisho. Wills hakujua hata nardoo inatoka wapi. Alidhani ni tunda la mti fulani, wakawa wanatazama juu.

Ilikuwa ikiota chini, miguuni pao. Nardoo ni mmea wa jamii ya kangaga, kwa jina la kitaalamu Marsilea drummondii. Una majani manne yaliyopangwa kama msalaba juu ya kikonyo kimoja, na huota kwenye mbuga zinazofurika. Mafuriko yakikauka, majani hufa, na juu ya udongo mkavu hubaki vipunje vyeusi vigumu, vidogo kama dengu. Watu huviita mbegu. Kwa hakika ni vifuko vya spora, vilivyoumbwa kustahimili ukame wa miaka mingi bila kuharibika. Kwa mtu wa jangwani hiyo ni ghala: chakula kinachokungoja ardhini hata mwaka ambao mvua imekataa.

Katikati ya Mei, walipokuwa wakifuata njia ya wenyeji chini ya kilima cha mchanga, King aliviona. Uwanda wote ulikuwa umetapakaa. Wills aliandika kwamba ugunduzi huo uliwageuza mioyo, maana sasa waliona wanaweza kujilisha wenyewe hata ikibidi kubaki pale mtoni wakingoja msaada. Ukisoma mstari huo unafurahi nao. Halafu unakumbuka mwisho wake. Siku ile walipata mmea wakadhani wamepata chakula, na kutoka hapo haja ya kuketi na majirani ikapungua machoni pa Burke.

Ugomvi wa nyavu

Mwisho wa Mei Wills alirudi peke yake hadi kambi ya zamani kufukia shajara zake. Njiani alikutana na wenyeji, akashikwa mkono na kupelekwa kwenye kibanda, akalishwa samaki na nardoo hadi akasema basi. Mtu aliyekuwa akidhoofika alitembea siku kadhaa kwenda na kurudi, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo aliila kwa watu.

Nyuma yake mambo yaliharibika. Kwa maelezo ambayo King aliyatoa baadaye, mwenyeji mmoja alichukua kipande cha turubai, na Burke akafyatua bastola juu ya kichwa chake. Kisha walikuja wengine wakiwa na samaki kwenye nyavu. Burke alizipiga zile nyavu zikawatoka mikononi, akamwamuru King apige risasi. Alihofia kwamba mazoea yakizidi hawatawaweza tena. Na kama hayo hayakutosha, moto wa kupikia ukashika kibanda chao, vitu vingi vikateketea.

Kwa mtu wa pwani au wa bara yetu, kumpiga kofi aliyekuletea kitoweo ni jambo ambalo halina hata jina. Lakini tuweke adabu kando, tuhesabu lishe tu. Kwa kupiga zile nyavu Burke alifukuza samaki, yaani protini, mafuta na vitamini ambavyo nardoo haina vya kutosha. Pia alifukuza walimu wa upishi. Wenyeji walihama. Kuanzia hapo watatu walibaki na vipunje vyao na mawe mawili.

Juni

Kusaga nardoo ni kazi ya kuvunja mgongo. Vile vifuko ni vigumu kama kokoto, na sehemu inayoliwa ni unga mchache ulio ndani, uliochanganyika na maganda. King, aliyekuwa na umri wa miaka 22 na askari wa zamani wa India, aliokota. Wills na Burke walitwanga. Kisha Wills akashindwa kutwanga, kazi ikabaki kwa wawili. Kisha Burke naye akaanza kulegea.

Shajara inasema walikuwa wakila kati ya ratili nne na tano kwa siku, wote pamoja. Hizo ni kilo mbili hivi, zaidi ya gramu 600 kwa kila mmoja. Mwanamume anayekula gramu 600 za unga wa mahindi kwa siku hafi kwa mwezi mmoja, hata kama atakonda. Kwa hiyo wingi wa chakula peke yake haujibu swali. Wills mwenyewe aliliona hilo. Aliandika kwamba haielewi kabisa hii nardoo, haimkubali kwa namna yoyote atakavyoipika, haionekani kumeng'enyeka, na haiwezi kumtunza mtu ikiwa peke yake. Ni uchunguzi wa kiwango cha juu kutoka kwa mtu asiye daktari, akijifanyia utafiti mwenyewe akiwa mgonjwa.

Dalili zake alizipanga vilevile. Miguu na mikono imebaki ngozi na mifupa. Mapigo ya moyo ni 48 kwa dakika, tena hafifu. Kutambaa kutoka kibandani hakuwezekani. Katika maandishi ya mwisho kabisa alisema kufa njaa kwa nardoo si jambo baya sana, isipokuwa ule udhaifu na kushindwa kujisogeza, kwa maana tumbo lenyewe limeridhika kabisa.

Tumbo limeridhika. Hili ndilo linalonitisha katika kisa kizima. Njaa ya kawaida ina kelele: inauma, inakuamsha usiku, inakusukuma uende ukatafute. Hii ya nardoo ilikuwa kimya. Unga usiomeng'enywa ulijaza utumbo, ubongo ukapokea habari kwamba mambo ni mazuri, na mwili ukaendelea kuzimika.

Mwisho wa Juni Wills aliwasihi wenzake wamwache waende kuwatafuta Wayandruwandha, kwa kuwa sasa wote watatu walikubali kwamba hapo pekee ndipo penye uhai. Walimwachia nardoo ya siku nane, kuni na maji. Burke alikwenda siku mbili tatu, akaanguka, akafa asubuhi, bastola mkononi kama alivyotaka. King alipata ndege kadhaa, akarudi na kunguru wake kwa Wills, akamkuta ameshakufa. Akabaki peke yake.

Nini hasa kiliwaua

Mwaka 1994, John Earl na Barry McCleary walichapisha katika jarida la Nature hoja iliyoikusanya hii vizuri. Nardoo ina kimeng'enya kiitwacho thiaminasi, tena kwa wingi. Kazi yake ni kuvunja thiamini, yaani vitamini B1. Mwili wa mtu hauweki akiba kubwa ya B1, wiki mbili au tatu tu, na bila B1 wanga unaoula hauwezi kugeuzwa kuwa nguvu. Neva za miguu huanza kufa ganzi, misuli hulegea, moyo hulemewa. Ugonjwa huo ni beriberi, uleule uliokuwa ukiua watu Asia waliokula mchele uliokobolewa sana. Ng'ombe na kondoo wa Australia nao hupata madhara wakila mmea huu kwa wingi.

Sasa ipangilie juu ya shajara. Mapema Juni watatu wanabaki na nardoo karibu peke yake. Walikuwa wameshachoka kwa miezi ya chakula duni, akiba ya B1 ikiwa chini. Wiki tatu na nusu baadaye wawili wamekufa, wakianza kulegea miguuni na tumbo likiwa limejaa. Kalenda ya ugonjwa na kalenda ya Wills zinakaribiana sana.

Na Wayandruwandha je? Maelezo ya upishi wa nardoo katika Australia ya kati yanataja hatua ambazo mgeni mwenye haraka angeziona za ziada. Vipunje huokwa kwenye jivu la moto vikiwa vizima kabla ya kusagwa. Kisha husagwa juu ya jiwe kwa maji mengi, unga ukitiririka kama uji mwepesi, maganda yakitengwa. Uji huo huliwa kwa gamba la kome, au hukandwa na kuokwa tena. Kimeng'enya ni protini, kwa hiyo joto huiharibu, na maji mengi huizimua. Zingatia mpangilio: moto unatangulia, maji yanafuata. Ukisaga kwanza ukaloweka unga mbichi, kimeng'enya kinaanza kazi palepale kwenye bakuli, na moto unapofika thiamini imeshakwenda.

Mtu atasema, mbona kina Burke nao waliipika? Ndiyo, walitengeneza mikate na uji. Kupika kwao kulikuja mwishoni, baada ya kutwanga, kama mtu anavyopika unga wa ngano. Walikuwa na wazo la chakula kutoka kwao Ulaya, kwamba punje husagwa na unga huokwa, na nardoo ilionekana kama punje. Kwa macho ilifanana na kitu wanachokijua, basi wakaipika kama wanachokijua.

Wapo wanaoipinga hoja ya B1, na wana haki ya kusikilizwa. Kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, kilikuwa ndani ya msafara ule tangu mapema: kundi lililoachwa nyuma njiani lilipoteza watu kwacho, na miongoni mwa waliobaki kambini na Brahe, William Patton alikufa nacho njiani. Baridi ya usiku wa Juni kule jangwani ni kali, na nguo zilikuwa zimeungua. Na nguvu yenyewe ya nardoo ni ndogo kwa mtu anayeisaga siku nzima. Kwa maoni yangu hayo yote yalikuwepo kwa pamoja, na B1 ndiyo iliyokata kamba ya mwisho, kwa sababu ndiyo inayoeleza miguu, ndiyo inayoeleza kasi, na ndiyo inayoeleza kwa nini mtu anayekula vilevile katika jamii nyingine haanguki.

Kuhusu kiseyeye kuna jambo la kuchekesha na kusikitisha kwa wakati mmoja. Njiani kutoka ghuba, Wills na wenzake walichemsha mboga ya mwitu waliyoiita portulac, wakaona inawafaa. Mmea huo ni wa ukoo mmoja na ile mboga tunayoiita tako la hasani, inayotambaa kwenye mashamba na kando za njia huku kwetu, yenye majani manene na uchachu kidogo. Hiyo haihitaji upishi wa hatua saba. Chuma, osha, chemsha, kula. Kwa hiyo haikuwa kwamba watu hawa hawakujua kabisa kula pori. Pori lina vyakula vya aina mbili. Kuna kile unachoweza kukijua kwa kukitazama na kukionja, na kuna kile ambacho nusu yake iko kwenye mmea na nusu nyingine iko mikononi mwa mpishi. Tako la hasani ni la kwanza. Nardoo ni la pili, na kwa macho huwezi kuvitenganisha.

Tarime, 1985

Msomaji wa Tanzania asione hayo ni mambo ya Wazungu jangwani. Mwaka 1985, wakati wa ukame, wilaya ya Tarime mkoani Mara ilikumbwa na mlipuko wa konzo: watu wakiwemo watoto walipooza miguu ghafla, miguu ikakakamaa, na haikurudi. Waliougua walikuwa wakila muhogo mchungu, ambao familia zilezile zimekuwa zikiula miaka yote. Tofauti ilikuwa siku. Kawaida muhogo ule huvundikwa na kukaushwa kwa siku kadhaa hadi sumu ya sianidi ipungue. Njaa ilipobana, ghala likiwa tupu, hatua zikafupishwa: ukatwangwa, ukaanikwa, ukasagwa na kuliwa haraka. Nyama na samaki, ambavyo protini yake husaidia mwili kuondoa sianidi, navyo vilikuwa vimeadimika.

Mama wa Tarime alijua upishi vizuri kuliko Burke alivyojua chochote. Njaa ndiyo iliyomnyang'anya siku. Lakini mtambo wa mikasa hii miwili ni mmoja: hatua zilizoonekana kupoteza muda ndizo zilizokuwa kinga, na kitoweo kilichokuwa kikifunika upungufu kikakosekana wakati huohuo. Ukiondoa kimoja unaweza kupona. Ukiondoa vyote viwili, miguu ndiyo inayotangulia kukujulisha.

Aliyepona

King aliwafuata Wayandruwandha. Mwanzoni walimpokea kwa wasiwasi, na ungetarajia nini baada ya zile risasi. Alikuwa na bunduki, akawapigia kunguru na ndege wengine, wakagawana. Mwanamke mmoja alikuwa na kidonda mkononi, King akamtibu kwa dawa kidogo aliyokuwa nayo. Baada ya hapo akawekwa, akapewa mahali pa kulala, akawa analetewa samaki na nardoo kila siku. Nardoo! Chakula kilekile kilichowaua wenzake mwezi uliopita.

Aliishi nao hadi Septemba 15, 1861, kundi la uokoaji la Alfred Howitt lilipomkuta. Alikuwa amekonda sana na nguo zake zimechakaa vibaya, kiasi kwamba aliyemwona kwanza hakumtambua kuwa ni Mzungu. Lakini alikuwa hai, baada ya wiki 11 hivi za kula nardoo iliyopikwa na wenye nardoo yao. Kama jaribio, lisingeweza kupangwa vizuri zaidi maabara: mtu yuleyule, mmea uleule, mto uleule. Kilichobadilika ni mpishi na kitoweo. Miguu yake haikupona sawasawa, jambo linaloelekea beriberi, na alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1872, akiwa na miaka 33.

Kwa anayekwenda porini

Wanaofundisha maisha ya kambini hupenda kuanza na picha za mimea. Kitabu cha picha kingemsaidia Wills kuipata nardoo mwezi mmoja mapema, na labda afe mwezi mmoja mapema. Kujua jina la mmea na kuutofautisha na wenzake ni lazima, hilo halina mjadala: mtu akichanganya uyoga, hana nafasi ya pili. Ila hiyo ni hatua ya kwanza tu.

Kusini mwa Tanzania ming'oko huchimbwa porini, huchemshwa kwa chumvi na kuuzwa pembeni mwa barabara, mtu akala kama karanga. Ndiga nacho ni kiazi cha mwitu, lakini huyo ni mnyama mwingine: hukatwa vipande vyembamba, hulowekwa siku kadhaa, maji yakibadilishwa, na bado watu wazima hukiheshimu. Ukiwa mgeni umepewa sahani ya ndiga iliyoiva vizuri nyumbani kwa watu, umekula ukaona salama, bado hujajifunza kitu chochote kuhusu ndiga. Umejifunza kwamba mwenyeji wako ni mpishi mzuri.

Kwa hiyo ukila kitu cha porini kwa mtu, omba ukafuatane na anayekwenda kukitafuta, shinda naye siku nzima hadi kinaiva, na umwachie yeye aamue lini kimeiva. Muulize bibi, usimuulize kijana anayekupeleka mlimani kwa malipo. Uliza kinachimbwa mwezi gani na mwezi gani kinaachwa, kinaokwa kabla ya kusagwa au baada, maji ya kulowekea yanamwagwa au yanapikiwa. Uliza kinaliwa na kitoweo gani, maana mara nyingi kitoweo hicho si cha kunogesha tu. Uliza watu hukila kwa siku ngapi mfululizo, kwa sababu kitu kinacholiwa mara moja kwa mwezi na kitu kinacholiwa kila siku ni vyakula viwili tofauti hata vikiwa na jina moja. Na uliza ni nani hapewi: mjamzito, mtoto mdogo, mtu aliyetoka kuugua. Jibu la swali hilo la mwisho hutolewa haraka, bila kufikiri, na mara nyingi ndilo linalokuonyesha sumu iko wapi.